Kiti cha Mtani

Roketi ilikuwa imesimama tangu alfajiri, imeshiba mafuta ya baridi, inatoa moshi mweupe ubavuni, na mtu pekee mwenye haki ya kuizuia alikuwa bado anahangaika kutafuta miwani yake ndani ya mkoba.

Mtu huyo ni Edigna Kikoti, Mhehe wa Kalenga, mama mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alikuwa injinia wa mitambo kwa miaka mingi, na watu wa Kituo cha Rasi Mkulio walimheshimu kwa hilo. Lakini siku ya urushaji hakugusa mtambo wowote. Siku hiyo kazi yake ilikuwa moja tu: kumtukana Mkurugenzi mbele ya watu. Na mshahara alilipwa.

Msicheke, jambo hili lilikuja kwa kilio. Zamani kidogo, kabla Edigna hajahamia hapo, roketi moja ililipuka ikiwa bado ardhini. Tume ilipouliza ikakuta chumba kizima cha kuongozea urushaji kilijua kwamba mpira wa kuzibia bomba la mafuta umepasuka. Kila mmoja alimwachia mwenzake aseme. Mkurugenzi wa wakati huo alikuwa mtu mzima mwenye mvi zake, wageni wamejaa, na nani angethubutu kumwambia mzee umekosea? Wakasema ndiyo mzee, ndiyo mzee, na watu wakafa. Tume ikaona kwamba ugonjwa haukuwa kwenye chuma, ulikuwa kwenye adabu. Basi ikaamuliwa kwamba kila mkurugenzi akae na mtani wake chumbani, mtu ambaye kwa mila hakasirikiwi hata aseme nini.

Mkurugenzi wa sasa alikuwa Fulgence Tawete, Mngoni wa Songea. Akatafutiwa Mhehe. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakaachiana haki ya kutukanana kizazi hata kizazi.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Hesabu ya kushuka ikikaribia mwisho, msomaji anasema "Mtani," na kila kitu kinasimama. Mtani anatoa yake. Akishamaliza, Mkurugenzi anamrushia cha kujikomboa, na mtani anakiweka kwenye kisahani cha shaba kilicho mbele yake. Kisahani kile kimeunganishwa na mtambo. Kikihisi uzito, hesabu inaendelea. Kisipohisi, roketi haiendi popote. Ni mambo ya msibani hayo, pale mtani anapoingia kaburini akalala chali, akasema hazikwi mtu hapa mpaka nitolewe na kitu. Tofauti ni kwamba huku kulikuwa na mafuta ya kulipuka.

Edigna alipata miwani yake. Alipofika mlangoni, mtu akamshika mkono.

"Dada Edigna, shikamoo. Usiingie kwanza."

"Marahaba. Kwani humo ndani kumepikwa nini?"

Aliyemshika alikuwa Sauda Mnyawami, msomaji wa hesabu, binti wa Lindi mwenye sauti tulivu ambayo nchi nzima iliijua redioni. Sasa sauti hiyo ilikuwa inakwama.

"Kipimajoto cha komeo la Chiriku," alisema. "Hakitikisiki. Kimeandika nyuzi kumi na nane kabla mafuta hayajaanza kuingia, na sasa mafuta yamejaa, chuma chote cha huko kimepoa, chenyewe bado kinasema kumi na nane."

"Na taa?"

"Kijani. Mtambo unajua kumi na nane ni salama, basi unaweka kijani."

Edigna akaegemea ukuta. Hakuhitaji kufafanuliwa. Roketi ilibeba setilaiti mbili. Kubwa iliitwa Rejea, ukubwa wake kama simtanki la nyumbani, nayo ilikuwa ya kwenda na kurudi. Ndani yake mlikuwa na vichupa vya uboho wa watoto wenye selimundu, chembe zilizokwisha kurekebishwa maabara na sasa zinataka kuongezeka. Zikikaa duniani zinatuama chini ya chupa, zinagandamana, zinakufa. Zikienda kule kusiko na uzito zinaelea na kuumuka kama unga uliotiwa hamira. Wiki kadhaa baadaye Rejea inawasha injini yake ya kurudia, inashuka kwa mwavuli kwenye nyika za Itigi, na vichupa vinakimbizwa hospitali, kila kimoja na jina la mtoto wake.

Ndogo ndiyo Chiriku, setilaiti ya utafiti ya walimu wa chuo, ukubwa wa ndoo, inayokwenda kusikiliza radi kwa juu. Kwa kukosa nafasi ilipachikwa chini ya Rejea, mdomoni kabisa mwa injini ya kurudia. Ilipochorwa ilionekana si tatizo: wakifika juu, komeo linafunguka, springi inasukuma, Chiriku anaruka zake. Lakini komeo likiganda kwa baridi, Chiriku hatoki. Asipotoka, Rejea haiwezi kuwasha injini. Itazunguka na vichupa vyake mpaka ianguke yenyewe na kuungua.

"Labda kipimo ndicho kibovu na komeo ni zima," Edigna alisema.

"Labda."

"Chikongowe anasemaje?"

Mwalimu Nuhu Chikongowe, mwenye Chiriku, alikuwa nyuma yao, amejikumbatia kama mtu anayesikia baridi. "Komeo nililikagua kwa mikono yangu, wallahi," alisema. "Lakini kipimo kile sikipendi. Na kukiona mpaka tuifungue pete iliyozunguka komeo, na pete haifunguki mpaka roketi ikamuliwe mafuta yote."

"Kwa hiyo ni keshokutwa."

"Keshokutwa chembe zimekufa," Sauda alisema.

"Nani mwingine anajua?"

Wakatazamana. "Wote," Sauda alisema. "Chumba kizima."

"Mbona hamjamwambia?"

"Dada. Noela yumo mle."

Noela alikuwa binti wa Tawete, mtoto pekee, wa kidato cha tatu, mwembamba, mwenye ulimi wa kukata majani, na kimojawapo cha vile vichupa kilikuwa na jina lake. Edigna alimtembelea hospitali wiki iliyopita na kumkuta ameinamia mto kwa maumivu ya mifupa. Hata hivyo alipomwona tu alisema, "Kumbe mtumwa wa baba umekuja? Sikia. Nikifa uingie kaburini mwangu, ulale kabisa. Na usikubali karanga. Dai kuku."

"Nitadai ng'ombe," Edigna alimjibu. "Nyie Wangoni kuku mtamtoa wapi, mmeshazoea panya." Wakacheka mpaka muuguzi akawatoa nje wageni wote.

*

Chumba kilikuwa kimejaa. Tawete alikaa mbele, koti lake la kijivu limefungwa vifungo vyote, mtu mrefu ambaye hata akikaa anaonekana amesimama. Sauda alisoma hesabu kwa ile sauti yake ya redioni. Ilipofika mahali pake akasema:

"Mtani."

Namba zikasimama kwenye kioo.

Edigna akainuka taratibu, akajishika kiuno. "Haya! Nani kamwachia Mngoni huyu roketi? Babu zake walipewa mikuki tu, mikuki ya kushika mkononi, na bado waliitupa njiani wakikimbia kutoka Iringa!"

Chumba kikacheka. Kilikuwa na hamu ya kucheka.

"Hawakuitupa," Tawete alijibu. "Waliwatupia nyinyi. Na iliwapata."

"Iliwapata nani, na mimi niko hapa nimenenepa? Basi sikia, mtumwa wangu. Kule juu umeweka komeo. Komeo lina kipimajoto. Na kipimajoto kimekufa! Tangu asubuhi kinasema neno moja tu kama mlevi wa ulanzi."

Lo, kicheko kikazidi. Mzee mmoja wa mawasiliano akapiga meza. Tawete mwenyewe akajifuta macho. "Afadhali kisemacho neno moja," alisema, "kuliko Mhehe anayesema mengi." Akatoa mfukoni kipakiti cha karanga kilichofungwa kwa karatasi na kumrushia. Kikatua mbele yake, sentimita chache kutoka kwenye kisahani.

Edigna hakukigusa.

"Hazitoshi?"

"Komeo, Tawete."

"Muongezeeni huyo. Hiyo ni njaa ya Kalenga."

Mtu akarusha biskuti. Mwingine akarusha chungwa. Walifurahi kweli, kwa sababu mtani mzuri ni yule mkaidi. Hapo ndipo Edigna alipoona tundu la utaratibu wao. Kiti kiliwekwa ili ukweli usemwe, na ukweli ukitoka kwenye kiti hicho ulichekwa kama vichekesho vingine. Alitazama nyuso moja moja. Wote walijua, na sasa kila mmoja alikuwa anajiambia kwamba jambo limeshasemwa, tena limesemwa na mwenye kazi yake, kwa hiyo shingoni kwake halipo.

Aliogopa. Si kwamba aliogopa roketi. Akiweka karanga kwenye kisahani, na komeo likawa limeganda, watoto wale wote watakuwa wamepelekwa juu kuchomwa. Asipoweka, chembe zitafia hapa hapa chini, na huenda komeo lilikuwa zima siku zote. Na Noela alikuwa hana nguvu ya kutobolewa mifupa mara ya pili.

"Sitanii," alisema.

Neno hilo mtani halisemi. Mtani akisema hatanii, utani umevunjika, na yote aliyokwisha kuyasema yanageuka matusi ya kweli. Kicheko kilikatika. Yule mzee wa mawasiliano alibaki mkono juu.

Tawete akageuka taratibu, akatazama kioo cha vipimo. Kumi na nane, kijani. "Nimekiona," alisema kwa sauti ya chini. "Nimekiona tangu asubuhi. Nilikuwa nangoja mtu aniambie kwamba si kitu."

"Sijui kama ni kitu. Komeo laweza kuwa zima. Nakwambia tu kwamba hatujui."

"Unajua mle ndani mna nini?"

"Najua mna nani."

"Injinia Kikoti." Hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. "Weka karanga kwenye kisahani."

"Hapana, Mkurugenzi."

Angeweza kuinuka akaziweka mwenyewe. Hatua chache tu, na kisahani hakijui mkono wa nani. Kila mtu chumbani alikitazama kisahani, na yeye alikitazama pia, akaweka viganja vyake kwenye meza kama mtu anayetaka kusimama. Akakaa hivyo. Muda wa kuruka ulikuwa mfupi, dunia haingoji mtu kuzunguka, na wao wakangoja mpaka Sauda akasema, bila sauti ya redioni, kwamba umepita.

"Kamueni mafuta," Tawete alisema. Akatoka nje bila kumtazama mtu.

*

Pete ilifunguliwa keshokutwa mchana, mbele ya mashahidi. Chikongowe mwenyewe aliingiza mkono. Komeo lilikuwa zima, kipashajoto chake kimefanya kazi wakati wote, linafunguka kwa kidole. Waya wa kipimajoto ndio uliolegea mahali ulipochomekwa. Roketi ingekwenda salama. Chiriku angetoka, Rejea ingerudi.

Vichupa vilikuwa vimeshatolewa. Wanamaabara walivimwaga kwa utaratibu wao, wakisoma kila jina kabla ya kumwaga.

Edigna alingoja afukuzwe. Hakufukuzwa. Watu wa wizarani walipouliza kama kiti kiondolewe, Tawete aliwajibu kwamba kiti kimefanya kazi yake. Lakini alianza kumheshimu, na hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu. Asubuhi alikuwa akisema, "Habari za kazi, Injinia Kikoti." Akipita mlangoni alimpisha. Mtu ambaye zamani alikuwa akimwona kwa mbali na kupaza sauti "Ficheni mbwa, Mhehe anakuja!" sasa alikuwa akimwinamishia kichwa. Edigna aliingia ofisini kwake mwenyewe akafunga mlango, akalia kwa hasira, kisha akalia tu.

Wazazi wengine walileta watoto wao kutobolewa upya. Noela madaktari walikataa, wakasema apate nguvu kwanza. Hakupata. Alikufa masika yalipoanza, baada ya maumivu ya siku chache, na akapelekwa kuzikwa kwao nje ya Songea.

Edigna alikwenda. Alisafiri na Sauda na Chikongowe kwa gari la kituo, wakafika mvua imekatika na udongo mwekundu umelowa. Alisimama nyuma kabisa, kitenge kimefunika kichwa. Walikuwapo Wahehe wengine wawili watatu, majirani, lakini mtani mkubwa wa msiba ule alikuwa yeye na wote walijua, kwa hiyo walimtazama na kungoja. Wangoni nao walimwangalia. Jeneza lililetwa ukingoni. Hapo ndipo mtani anapopiga kelele na kurukia shimoni, akalala chali, msiba ukapumua kidogo.

Hakusogea. Alijiambia kwamba utani umekufa, aliuua yeye mwenyewe kwa mdomo wake, na asiye mtani akiingia kaburini mwa mtoto wa mtu ni mwendawazimu. Tawete alisimama upande wa pili, mkono mmoja ndani ya mfuko wa lile koti la kijivu, akiutazama umati kana kwamba anahesabu watu. Mkono haukutoka mfukoni mpaka udongo ulipojaa. Noela alizikwa kimya, kama mtu asiye na watani. Njiani kurudi Sauda alijaribu kuzungumza habari za mvua, akaona haisaidii, akaacha.

*

Kiangazi roketi nyingine ilisimamishwa. Rejea mpya, vichupa vipya, majina mapya na machache ya zamani. Chiriku alikuwa yule yule, ila safari hii komeo lilikuwa na vipimajoto viwili, na vyote vilikuwa vinatikisika, vinapanda na kushuka kama inavyotakiwa. Hakukuwa na jambo la kusemwa. Edigna alikaa kwenye kiti chake kwa sababu hakuna aliyemwambia akae kwingine.

"Mtani," Sauda akasoma.

Namba zikasimama.

Edigna akainuka. Akafungua mdomo. Alikuwa ameandaa kitu kuhusu babu wa Tawete na mbio zake, alikirudia bafuni asubuhi nzima, na sasa hakikuwapo. Alimwona mbele yake mtu aliyefiwa, na adabu ikamzuia. Chumba kikangoja. Bila neno la mtani hakuna cha kujikomboa, bila cha kujikomboa hakuna uzito kwenye kisahani, na muda wa kuruka ulikuwa unakwenda. Chikongowe alifumba macho.

"Vipi," Tawete alisema, "huyu mtumwa wangu kameza ulimi?"

Hakuna aliyecheka. Hawakuwa na hakika kama wameruhusiwa.

Tawete akainuka. Alivaa lile koti la kijivu. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipakiti cha karanga, karatasi yake imechakaa na kuwa laini, ina madoa ya udongo mwekundu kwenye kingo.

"Siku ile ya kaburi nilikuwekea hizi," alisema. "Nilizishika mfukoni mpaka udongo ukaisha. Nilikuwa nakutafuta kwa macho. Ulikuwa wapi?"

Edigna alishika ukingo wa meza. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni, na hakuyafuta. Aliitafuta sauti yake, ile ya kuitia ng'ombe, akaipata nusu.

"Karanga?" alisema. "Mwanao aliniambia nisikubali karanga. Alisema nidai kuku!"

Tawete alibaki ametoa macho. Kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, cha kuumiza mbavu, akainama akashika magoti, na alipoinuka uso wote ulikuwa umelowa. "Ni yeye," alisema. "Ni yeye huyo kabisa." Chumba kikacheka naye, wengine wakapenga kamasi kwenye leso.

"Kuku nitakudai," Edigna alisema. "Usidhani nimesahau. Mngoni hadaiwi akalipa bila kusukumwa."

"Na Mhehe hashibi. Haya, shika."

Akarusha. Edigna akadaka, akatazama vipimo viwili vya komeo vikichezacheza, akaweka kipakiti kwenye kisahani. Shaba ikalia kidogo. Sauda akaendelea kusoma kwa ile sauti tulivu, na alipofika mwisho kuta zikatikisika na vikombe vya chai vikatembea mezani. Roketi ikapanda, ikawa nukta, ikapotea.

Walingoja wote wakiwa wamesimama. Mwishowe Chikongowe akavua vidude vya masikioni na kuinua mkono. "Chiriku ametoka," alisema. "Mdomo wa injini ya Rejea uko wazi."

Watu wakakumbatiana. Edigna akaketi, akachukua kipakiti kutoka kwenye kisahani na kufungua karatasi. Karanga zilikuwa zimeota ukungu.

"Usile hizo," Tawete alimwambia. "Zimeshaharibika, utaumwa tumbo."

Edigna akatupa moja mdomoni, akaitafuna.